Kofia ya Hilali Juu ya Skrini

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na sita. Chekeni tu, hata mama yangu alicheka, kisha akaniuliza kwa sauti nyingine, "Lakini kwa nini?" Kwake yeye mtu anastaafu magoti yakimuuma. Magoti yangu mazima. Kilichochoka ni mkono wa kulia, huu wa kushikia kipanya. Kila nikitaka kuhamisha kitufe kutoka upande mmoja wa skrini kwenda mwingine, unasita na kutoka jasho. Na kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo, kupanga vitufe. Basi nikaacha.

Nawaandikia nyinyi mnaotoka chuoni sasa na kuja kukalia viti tulivyovikalia, iwe Nizwa, Ibra au Sur, popote penye programu kubwa za mezani, zile zenye menyu ndani ya menyu ambazo hakuna mtu mmoja anayezijua zote. Msiniamini kwa sababu tu nimetangulia. Mimi nilikuwa simwamini mtu, nahoji kila kitu, na mpaka leo naona ni tabia nzuri. Ila kuna mtu mmoja nilisahau kumhoji, naye alikuwa mimi.

Programu yetu ilikuwa ya maji. Kampuni ndogo ya Nizwa ndiyo iliyoitunza, na walioitumia walikaa katika chumba kimoja upande wa Ibra, wakiangalia matangi matano yaliyojengwa vilimani na mabomba yanayoyaunganisha. Ukibonyeza kitufe chumbani, mota iliyo kilomita kadhaa mbali inafungua vali na maji yanaingia tangini. Ukibonyeza kingine, vali inafunga. Kazi ni hiyo tu. Lakini kwa miaka mingi kila aliyeomba kitu aliongezewa kitufe, na kila kitufe kilichomekwa palipokuwa na nafasi. Mara ya kwanza kuiona skrini ile nilikumbuka kabati la jikoni kwa nyanya yangu, bizari pamoja na betri pamoja na dawa ya kikohozi.

Bosi wangu, Mhandisi Zahran, alinituma huko kwa agizo moja: "Kaa nyuma yao zamu nzima, na mdomo ufunge."

Niliufunga robo saa.

Aliyekuwa kwenye kiti ni mzee mmoja, Ami Nasoro, aliyezaliwa Unguja na kuletwa Oman akiwa kijana. Alikuwa mwendeshaji wa chumba kile tangu siku za swichi za chuma ukutani, kabla ya kompyuta.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

Nikamtaja baba, nikamtaja babu, nikautaja na mtaa wa Unguja ambao sijawahi kuutia mguu.

"Ahaa! Basi we wetu. Kaa."

Nikakaa, nikaanza maswali.

"Ami, kwa nini kitufe hiki kipo kando ya saa?"

"Ndo kwao hapo."

"Na maneno yake umeyasoma? Yamekosewa."

"Miye sisomi hapa, mwanangu. Miye natia mkono tu. Mkono unajua."

"Na hiki chekundu chini katikati, kikubwa namna hii?"

"Hicho kinasimamisha mota zote."

"Mara ya mwisho umekibonyeza lini?"

Akafikiri. "Mara mbili hivi."

"Kwa mwaka?"

"Kwa umri."

Nikaandika daftarini: chekundu hakitumiki, kinakula nafasi.

Naomba mlitazame kosa hilo vizuri, maana ndilo mtakalolifanya na nyinyi. Tulifundishwa kuhesabu. Kinachobonyezwa sana kiwe karibu, kinachobonyezwa kidogo kiwe mbali. Ni kanuni nzuri kwa programu ya kuandikia barua. Hakuna aliyetufundisha kuuliza swali la pili, kwamba mtu akikihitaji kitu hiki asikione, itakuwaje?

Siku ile ile niliona jambo jingine. Mlango ulifunguliwa akaingia fundi wa matangi, Hilali, mtu wa Sur, mrefu, ana maneno mengi. Alikuwa anakwenda kusugua tangi ndani. Tangi hukaushwa kwanza, kisha mtu anashuka kwa ngazi na brashi na taa. Alivua kofia yake, kumma nyeupe ya Kiomani iliyotariziwa kwa uzi wa kahawia na kujaa vitundu vidogo vidogo kama zote, akampa Ami Nasoro kwa mikono miwili.

"Amana yako, Ami."

"Imefika."

Ami akachukua kibanio cha nguo, akaibana kofia ukingoni juu ya skrini, ikaning'inia na kufunika alama ya tangi moja. Alama za matangi zilikaa kwa safu juu ya skrini. La Soko lilikuwa mwisho wa kushoto, na la Juu, lile la kilimani kabisa, mwisho wa kulia. Kofia ilifunika la Juu, na vitufe vyake vyote vikawa chini ya kitambaa.

"Hiyo ya nini?" nikauliza.

"Hilali atakuwamo ndani ya la Juu," Ami akasema. "Nikitaka kulifungulia maji, lazima niishike kofia ya mtu kwanza. Pasipo na kofia ni ruhusa. Ushaelewa?"

"Si mngetuambia tukaweka alama ndani ya programu?"

Hilali akanitazama. "Bi Kompyuta, alama yako ina mke na watoto?"

Walicheka. Mimi nikaandika daftarini: ushirikina wa ofisini. Daftari hilo ninalo mpaka leo. Sijalichoma, ingawa nimetamani.

Mtaniuliza, kwani hakukuwa na kufuli kwenye vali yenyewe? Swali zuri, na mimi nililiuliza, ila nilichelewa. Kufuli lilikuwepo na mnyororo wake. Lilifunga gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Mota ilikuwa na njia yake na haikujua habari za kufuli.

Niliipanga upya programu kwa miezi minne, na sitawadanganya, ilipendeza. Vitufe viwili vyenye kazi moja nikavifanya kimoja. Rangi kumi na moja zikawa tatu. Kijani, tangi limejaa. Njano, maji yanapungua. Kijivu, tupu. Kitufe chekundu nikakitia ndani ya menyu ya Zana, kwenye kisehemu cha Dharura, na ukikibonyeza kinakuuliza kwanza kama una hakika. Pale kilipokuwa nikaweka tarehe ya Hijria, na watu wakaisifu.

Halafu kikaja kile nilichojivunia kuliko vyote. Programu ile ilikuwa na lugha mbili, Kiingereza na Kiarabu, na mwendeshaji alichagua aliyoitaka. Ukienda kwenye Kiarabu, maneno yalibadilika lakini vitu vilibaki mahali pake, kana kwamba bado unasoma kutoka kushoto. Kila kitabu kinasema hilo ni kosa. Kiarabu kinaanza kulia, basi skrini nzima igeuke, cha kushoto kiende kulia na cha kulia kije kushoto, kama sura kwenye kioo. Nikaigeuza.

Mhandisi Zahran aliniuliza, "Wenyewe wamelalamika?"

"Hawajui kama wana haki ya kulalamika," nikamjibu. Nilikuwa na majibu ya namna hiyo.

Tulilifikisha toleo jipya asubuhi moja ya siku za kazi. Niliendesha mwenyewe kutoka Nizwa kwa njia ya Sinaw, nikiwa na kilo moja ya halua kwenye kiti cha abiria. Ami Nasoro aliipokea halua kwa furaha na programu kwa adabu. Aliitumia kwa Kiingereza, kama alivyozoea zamu ya asubuhi. Alama za matangi zilikuwa palepale, la Soko kushoto, la Juu kulia. Hilali akaja, akavua kofia.

"Amana yako, Ami."

"Imefika."

Kofia ikabanwa pembe ya kulia, juu ya la Juu. Hilali akaondoka na dereva wake kwenda kusugua.

Adhuhuri Ami aliinuka kwenda kuswali. "Nikalie kiti, mwanangu. Usiguse kitu. Simu ikilia waambie narudi."

Sikugusa vali. Sikugusa pampu. Lakini Zahran alinipigia kutoka Nizwa, akaniomba picha ya skrini ya Kiarabu awaonyeshe wakubwa. Nikabadili lugha. Skrini ikageuka taratibu, laini, kama ukurasa unaofunuliwa. Nikapiga picha, nikatuma, nikajikuta nimeinama juu ya simu nasoma sifa zangu. Sikuirudisha lugha. Sitawaambia nilisahau, kwa sababu kusahau ni kuwa na kitu cha kukumbuka. Kwangu hakukuwa na jambo lolote lililobadilika ila maneno na pande.

Ami alirudi akikausha mikono. Simu ya mezani ikalia kabla hajakaa. Ni watu wa upande wa soko, maji yamekuwa dhaifu. Aliweka simu chini, akatazama safu ya juu.

"Loo! La Soko limekwisha kabisa, limekuwa kijivu. Ndo maana wanapiga kelele."

Mkono wake ukaenda mwisho wa kushoto, pale ilipokuwa nyumba ya la Soko miaka yote ile. Hakukuwa na kofia. Akabonyeza kufungua.

Mimi nilikuwa bado natabasamu kwenye simu. Niliinua uso nikaitazama kofia kwa mazoea tu, kama mtu anavyotazama saa. Vitundu vyake vilikuwa vinang'aa rangi ya njano. Mwanga wa skrini ulikuwa unapita katikati ya tarizi, nukta ndogondogo za njano, nzuri kabisa. Nikajiuliza, maana ndiyo tabia yangu, tangi tupu linatoaje njano?

Lililokuwa chini ya kofia halikuwa la Juu. Kofia haikusogea. Matangi ndiyo yaliyosogea chini yake. La Soko, lenye maji yanayopungua, lilikuwa limejificha ndani ya kofia ya Hilali, na la kijivu pale kushoto, alilolifungua Ami sasa hivi, lilikuwa la Juu.

"Ami, umefungua la Juu."

"Nimefungua la Soko."

"Soma, Ami. Soma jina."

Akasoma. Akabonyeza funga. Hakuna kitu. Mota zile zikishaanza kufungua hazisikii amri nyingine mpaka zimalize safari, dakika nne hivi. Kitu kimoja tu kiliweza kuzikata njiani. Mkono wa Ami ukaruka chini katikati ya skrini na kubonyeza, ukabonyeza tena. Alikuwa anabonyeza tarehe ya Hijria.

"Chekundu kiko wapi? Salma! Chekundu umekitia wapi?"

Mimi ndiye niliyekihamisha, na sikukumbuka. Nilikihamisha mara mbili kabla sijaridhika, na mahali pote pawili palikuja kichwani pamoja. Nilimnyang'anya kipanya. Nikafungua menyu ya upande wa kushoto, nikakuta Msaada. Menyu nazo zilikuwa zimegeuka. Nikaenda kulia, Zana, kisha Dharura. Kitufe kikatokea na swali lake: una hakika? Ndiyo na Hapana. Mkono wangu, mkono ule niliokuwa naucheka kwa Ami, ulikwenda ulikozoea. Nikabonyeza Hapana.

Dirisha likafungwa kwa upole. Ikabidi nianze upya.

Mara ya pili nilisoma kila neno kwa sauti, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mota zikasimama, nikabonyeza funga, na mara hii vali ikaanza kurudi. Lakini ilikuwa imeshafunguka zaidi ya nusu. Kuna maji mengi katika nusu ya bomba nene kama kiuno cha mtu, na mdomo wa bomba lile upo chini kabisa ya tangi, ukutani, mahali panapoanza kusuguliwa.

Ami alimpigia Hilali. Simu haikuita, ndani ya tangi hakuna mtandao. Akampigia dereva. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena na tena.

"Pengine anaswali," nikasema.

"Pengine," akasema Ami. Hakuniangalia.

Hatukuweza kwenda. Kiti kile hakiachwi, na kilimani ni mwendo. Ami alimtuma mlinzi na gari, kisha akakaa mikono mapajani, akaitazama kofia. Mimi nilisimama. Nilikuwa na shahada, na kila nilichojifunza kilikuwa kinanieleza kwamba nilifanya sawa: kugeuza ni sawa, kuficha kisichotumika ni sawa, kuuliza kwanza "una hakika" ni sawa. Niliyapitia yote kichwani moja baada ya jingine nikitafuta kosa, na sikulipata. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kama ningekuwa nimefanya uzembe ningejua la kuacha.

Njano ilikuwa bado inang'aa kwenye vitundu. Hakuna aliyethubutu kuirudisha skrini.

Sijui zilipita saa ngapi. Najua kahawa kwenye birika ilipoa. Mlango ulifunguliwa bila kubishwa, akaingia Hilali. Kichwa wazi. Amelowa mpaka kifuani, mguu mmoja hauna kiatu.

Alisimama mbele ya skrini.

"Nani kaigusa kofia yangu?"

"Hakuna aliyeigusa," Ami akasema.

"Ami. Nani kaigusa?"

"Wallahi ipo pale pale ulipoiacha, mwanangu."

Hilali akaitazama, akaona ni kweli. Akakaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Alitueleza kwa sauti ndogo. Bomba lilianza kupumua. Upepo ulitoka mdomoni mwake, baridi, ukamgusa shavu, na yeye alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alitupa brashi akakimbilia ngazi. Alikuwa kwenye kipago cha tatu maji yalipomfikia. Yalichukua taa, yalichukua kiatu, yalikuwa yanavuta mguu. Kisha yakapungua nguvu. Alikaa juu ya ngazi gizani, akizishika nguzo zake, hakuthubutu kupanda wala kushuka, mpaka dereva, aliyekuwa kivulini mbali na simu yake garini, alipokuja kumwita.

Ami alimmiminia kahawa ile baridi. Hilali alishindwa kuishika finjani. Aliirudisha, akajaribu kucheka.

"Ulitaka kuniosha bure, Ami?"

Ami Nasoro alilia. Sikuwahi kumwona mtu mzima wa rika lile akilia. Alipopata sauti alisema, "Ni mkono wangu uliobonyeza."

Alisema vile vile kwa wakubwa walipokuja. Mkono wangu, hakuongeza neno. Zahran aliponiuliza nani aligeuza lugha nilisema ni mimi, na kwamba aliyekificha kitufe chekundu ni mimi pia. Nilisema kesho yake. Siku ile yenyewe nilinyamaza, na hilo nalo mlijue.

Tulirekebisha kwa wiki mbili. Kitufe chekundu kilirudi pale pale chini na hakiulizi kitu. Lugha sasa inabadili maneno tu, matangi yamepigiliwa mahali pake, na vitabu viseme vinavyotaka. Mtu akiwa ndani ya tangi, jina lake linaandikwa juu ya alama na amri ya kufungua haipokelewi mpaka yeye mwenyewe apige simu kwa sauti yake. Nilikaa nyuma ya Ami zamu sita, na mdomo niliufunga kweli. Niliona mambo ambayo hakuna hesabu ingenionyesha. Niliona kipande cha skrini chenye alama ya kidole kwa sababu kila mara anakigusa anapowaza. Niliona nafasi tupu anapoegesha kipanya akinywa kahawa, ili asiguse kitu kwa bahati mbaya, nami katika toleo langu zuri nilikuwa nimeijaza. Basi mkienda, tazameni kwanza kilichobandikwa, kilichobanwa, kilichochakaa. Mkikuta karatasi imegundishwa au uzi umefungwa, msiung'oe mpaka mjue umemshikilia nani.

Nilifanya kazi miaka saba baada ya hapo. Mkono haukupona, lakini haukukosea tena.

Toleo la pili lilipowekwa nilikwenda Ibra tena, mara hii sikubeba halua. Hilali alikuwa na zamu ya kusugua la Juu, tangi lile lile. Alikuja chumbani, akavua kofia. Ami alinyoosha mikono kuipokea kama kawaida. Hilali alimpita akaja kwangu.

"Wewe, Bi Kompyuta. Amana yako."

"Hilali, sasa programu yenyewe inafunga. Jina lako lipo pale, angalia. Kofia haina kazi tena."

"Nimesikia. Shika."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa na joto la kichwa chake. Nilisoma jina la tangi kwa Kiarabu, nikabadili lugha, nikalisoma kwa Kiingereza, palepale, halikusogea. Nikaibana kwa kibanio. Hilali aliyaona yote hayo, akaondoka bila mzaha wowote.

Gari lilipotoka nje niliinama nikavichungulia vitundu. Kijivu.

"Kaa, mwanangu," Ami akasema. "Kahawa inapoa."

Nikachungulia tena.